Kinyozi Aliyetaka Mtani Amshikie Jina

Mlango aliufunga kwa kufuli. Ukitaka kumjua Kinyozi wetu wa Mikindani uanzie hapo. Alikuwa ananyolea ndani ya nyumba kuukuu ya mawe iliyobakiwa na kuta mbili na mlango. Paa hakuna. Kuta nyingine zilishaanguka zamani, mbuzi wanaingia na kutoka wapendavyo. Lakini kila jioni Kinyozi alitoka mlangoni, akauvuta, akatia kufuli, akalitikisa kuona kama limeshika, ndipo akaenda zake. Asubuhi anafungua, anaingia. Na wateja vilevile. Ukikatiza pale palipobomoka alikuambia, "Wewe umeingia kama mbuzi, toka uingie kama mtu." Na ulitoka, hata kama ulikuwa diwani.

Mimi nilikuwa jirani yake, fundi baiskeli, ukuta wake wa nyuma ndio niliokuwa naegemeza magurudumu. Shule niliishia darasa la tatu, siyo kwa uzito wa kichwa, ni kwamba mwalimu alihamishwa na hatukuletewa mwingine, basi kila mtu akaenda zake. Kwa hiyo nikikosea mahali mnisamehe, mnielewe hivyohivyo.

Jina lake siandiki. Lile alilotumia huku kwetu halina kazi katika habari hii. Lile la utotoni ndilo habari yenyewe, na hilo ndilo hasa nisiloweza kuliandika. Nitaeleza nikifika.

Kwanza niseme juu ya visogo. Kinyozi hakuwa anajua sura za watu. Alisimama nyuma ya vichwa maisha yake yote, basi akawa anamjua mtu kwa kisogo. Mkikutana barabarani uso kwa uso anakupita kama mti. Halafu anageuka, anakuona kwa nyuma, anapiga kelele, "Aa, kumbe ni wewe! Mama hajambo?" Afisa mtendaji wa kata alikuja mgeni, akaona huyu mzee hamsalimii, akasema ana dharau. Wazee wakamfundisha, "Bwana mkubwa, ukimwona anakuja mpe mgongo." Ndivyo alivyofanya. Ukipita siku zile ungemwona mtumishi wa serikali amesimama katikati ya njia kaupa ukuta uso, anasubiri kusalimiwa.

Alikuwa akisema, "Usoni mtu anajipanga. Kisogoni hana habari."

Kusoma hakujua, lakini alining'iniza gazeti mbele ya kiti cha mteja, akalifunua ukurasa mwenyewe akiona kichwa chako kimetulia muda mrefu. Ukimwambia hujamaliza anajibu, "Umemaliza, nimeona shingo." Kioo hakuweka. Ukitaka kujua umependezaje ulikwenda kumuuliza jirani, yaani mimi. Spiriti alikuwa bahili nayo, anakuonyesha chupa tu uinuse. Halafu mtu huyohuyo, akija mteja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alimnyoa bure, akampaka spiriti mpaka anatokwa machozi, akamnunulia na muhogo. Sharti ni moja: ukae umjibu maswali.

Habari hiyo ikaenea. Wakaanza kuja vijana wa Naliendele, wa Mtwara mjini, hata wa Newala, wameshajifunza neno moja la Kireno, wanaingia mlangoni, "Bom dia, mzee!" Wanajikalisha. Kinyozi anawanyoa bure na kuwauliza.

Nikamwambia siku moja, "Huyu ni mtoto wa muuza vitumbua pale stendi. Ng'ambo hajafika hata kwa ndoto."

"Najua. Kisogo cha baba yake hicho."

"Sasa unamnyolea nini bure?"

"Huenda kasikia kwa mwingine."

Alichokuwa anauliza ni dada yake.

Kinyozi alizaliwa kule, bara kidogo kutoka mtoni, kwa Wamakonde wenzetu wa upande wa Mreno. Mama yake alikuwa amezika watoto kabla yake. Basi alipozaliwa huyu wakampa jina la kitu cha kutupwa, kitu ambacho hata kuku wanakipita, ili kifo kikija kisimtamani. Watu wengi wa zamani wana majina ya namna hiyo. Likafanya kazi, akaishi. Baadaye akazaliwa dada yake, na huyo akawa mzigo wake. Alimbeba mgongoni kutwa nzima. Yule mtoto alikuwa na ugonjwa mmoja tu, usingizi. Alilala shambani, alilala ngomani, alilala akiwa na tonge mdomoni. Kwa hiyo dunia ya kwanza aliyoiona kila akifumbua macho ilikuwa kisogo cha kaka yake.

Kijana akaingia jando, akatoka na jina jipya. Kwetu, ukishatoka jandoni jina la utotoni limekufa. Anayekuita kwa hilo amekutukana tusi ambalo watu wameshikiana mapanga kwa ajili yake. Na wewe mwenyewe hulitamki, ni kama kuwatemea mate waliokutia jandoni. Lakini yule mdogo wake hakuelewa. Akapigwa, akafinywa, bado anamwita lilelile. Jipya lilimshinda ulimi.

Vita vya Mreno vikafika kijijini kwao. Siku ya kukimbia, watu walitoka mafungu mafungu. Kinyozi alikuwa na fungu la mwanzo. Dada yake amelala kwa mama mkubwa. Akainama ambebe, mama yake akamwambia, "Usimwamshe. Atakuja na mama mkubwa." Wakavuka. Fungu la mama mkubwa halikuonekana tena.

Huku akasilimu akapata jina la tatu. Dada naye, kama aliishi, bila shaka alichezwa unyago akapata jina lake jipya, ambalo Kinyozi halijui. Mnaona mkasa ulivyokaa? Yeye hajui dada anaitwaje, na dada hajui yeye anaitwaje. Kilichobaki kati yao ni lile tusi.

Miaka ya tisini, kule kulipotulia, alivuka kwenda kumtafuta. Nilimsindikiza mpaka Kitaya, akapanda mtumbwi na mkasi wake. Alizunguka vijiji akinyoa na kuuliza. Na aliuliza nini, ikiwa jina hana? Aliuliza, "Hapa kuna mwanamke mwenye usingizi mwingi?" Kila kijiji waume walimwonyesha. Wengine walimwomba amchukue kabisa. Alipelekwa kwa wanawake wengi wamelala, akawasubiri waamke, wakaamka wakamfukuza. Akarudi.

Mkewe, mama mmoja mwenye akili na ulimi, aliniambia, "Shemeji, mimi ni mke wa pili humu ndani. Wa kwanza ni dada mtu, amelala katikati yetu toka nimeolewa."

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Kulikuwa na bwana mmoja wa utafiti wa korosho pale Naliendele, mteja wake wa siku zote, kisogo bapa. Miaka ile ya elfu mbili imeshaingia, amekaa kitini anasimulia kwamba siku hizi ukiandika jina la mtu kwenye kompyuta, popote alipo duniani, linatokea. Kinyozi akasimamisha mkasi.

"Jina lolote?"

"Lolote, mradi mwenyewe ameliweka. Unatengeneza websaiti, unaiita kwa jina lako."

"Na mtu wa Msumbiji ataliona?"

"Msumbiji, China, popote. Vijana wao wana kompyuta kama sisi."

Bwana yule akaeleza vizuri, na mimi nilikuwa nimeshaacha tairi nasikiliza ukutani. Kwamba jina la websaiti halinunuliwi moja kwa moja. Unatafuta msajili, yeye ndiye anakuandikishia na kukushikia. Kila mwaka unalipa ada. Usipolipa, msajili analiachia na mwingine anaweza kulichukua. Wasajili wako wengi, wa Dar es Salaam, wa Amerika, kuchagua ni juu yako.

Kinyozi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo sijapata kuliona. Akasema, "Huyo msajili ni nani yangu?"

"Si ndugu yako, mzee. Ni kampuni."

"Mtu anayekushikia jina hawezi kuwa si chochote kwako."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Dada angekuwa na wajukuu. Wajukuu wana kompyuta. Bibi yao hakosi kuwasimulia alikuwa na kaka anaitwa fulani, na fulani huyo ni lile jina la kutupwa, hana jingine. Wakiliandika, Kinyozi anatokea. Hesabu ilikuwa imenyooka. Ila ili lisajiliwe lazima mtu amtamkie msajili, na lile jina halitamkwi.

Msajili wa kwanza alikuwa wa Dar es Salaam. Tulimpigia kwa simu yangu ya mkononi, nikamshikia Kinyozi sikioni kwa sababu alikataa kuigusa. Akapokea binti, sauti laini kama ya redioni.

"Naomba unitajie jina unalotaka kusajili, herufi moja moja."

"Binti yangu, hujambo? Baba na mama hawajambo?"

"Hawajambo. Jina tafadhali."

"Umeolewa?"

"Mzee, hilo linahusiana nini na huduma?"

"Nauliza kwa heshima. Kama una mume aje yeye kwenye simu. Ninalotaka kusajili ni tusi, na sijawahi kumtukana mtoto wa mtu."

Simu ikakatwa. Kinyozi akasema amelelewa vizuri yule binti, hataki kumpa kazi ya kumharibu.

Wa pili alikuwa wa Amerika. Bwana wa Naliendele alijitolea kulipa yeye kwa kadi yake ya benki. Akasema, "Na uzuri wake, mzee, kule huongei na mtu. Ni mashine. Mashine haijui tusi wala heshima."

"Nikiugua mwaka huo nisilipe, itatuma mtu kuuliza kulikoni?"

"Haitumi. Itakuandikia mara chache, halafu italiachia."

"Itaachia jina la mtu haijui kama amekufa au amelala?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Hapana. Hiyo siwezi kuipa hata jina la mbuzi."

Mkewe alimgombeza. "Mpe huyu wa Naliendele! Mtu ana kazi ya serikali, hahami, kisogo chake unakijua. Unataka msajili au unataka mchumba?" Kinyozi akamjibu kwamba yule bwana ni mtu wa heshima zake, na mtu wa heshima zake hawezi kumwambia aandike uchafu. Wakanuniana. Nikimkuta anakula peke yake nilijua msajili bado hajapatikana.

Aliyelitatua ni mimi, tena kwa bahati, nilikwenda Mtwara mjini kununua spoku. Karibu na soko kulikuwa na duka la kompyuta la kijana mmoja wa Songea. Nimeingia kujikinga na jua, akaniuliza kabila, nikamwambia Mmakonde. Akasimama, akainua mikono. "Karibu, mkimbizi! Babu yako alimkimbia babu yangu mpaka akaacha shuka. Umeifuata?"

Mngoni! Wangoni waliwatandika babu zetu zamani, na kwa desturi za huku kusini mliyepigana naye mkapatana ndiye mtani wako. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unacheka. Akikuita kwa jina lako la utotoni, ni yeye peke yake chini ya jua asiyekuwa amekosa.

Nilipanda baiskeli bila hata kununua spoku nikarudi Mikindani. "Msajili amepatikana," nikamwambia. "Ana adabu mbaya sana."

"Mbaya kiasi gani?"

"Mimi kaniuliza kama nimefuata shuka."

Kinyozi akafunga kufuli mchana kweupe.

Nilimpakia nyuma ya baiskeli. Tulipofika, Mngoni alimtazama juu mpaka chini akasema, "Hiki nacho ni nini? Mmakonde au jembe lililosahaulika mvuani?" Kinyozi akaniangalia, macho yanamng'aa. Akasema polepole, "Huyu ndiye."

Mngoni akaelezwa yote. Alisikiliza bila utani hata kidogo, halafu akavuta kibodi. "Haya, jina."

Kinyozi akageuza kiti akatazama ukuta. "Sitaji."

"Fundi, taja wewe."

"Mimi silijui."

"Sasa niandike nini, mate?"

"Wewe si mtani?" Kinyozi akauambia ukuta. "Nitukane. Nililopewa ni tusi. Ukilifikia nitakohoa."

Watu waliokuwa kwenye kompyuta nyingine wakaacha kazi zao. Mngoni akajikung'uta mikono kama mtu anayeanza kupalilia.

"Mwoga wa mkuki!"

Hakukohoa.

"Mla panya!"

"Hilo la wote," akasema Kinyozi. "Langu mwenyewe."

"Kifuu! Gunzi! Ufagio wa chooni!"

Bega la Kinyozi likacheza. Mama mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya kazi akasema, "Hapo kwenye ufagio umesogea, mwanangu." Mngoni akapata nguvu. "Jalala! Makapi! Maji ya kuoshea samaki!" Kinyozi anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Kijana mwingine kule nyuma akatupa lake, Kinyozi akamgeukia kwa ukali, "Wewe kabila gani?" Mtoto akasema Mmwera. "Basi nyamaza, wewe utakuwa umenitukana kweli."

Lililofuata siliandiki. Mngoni alilisema kwa kuchoka, hata hakulitegemea. Kinyozi akakohoa mpaka yule mama akamletea maji.

Nikamwambia Mngoni kitu hicho kwa Kimakonde kinaitwaje. Hapo sikumtukana mtu, nilitafsiri tu neno la kawaida la jalalani. Mngoni akataka kuandika. Kinyozi bado anautazama ukuta akasema, "Siyo kwa maandishi ya huku. Anayetafuta ni yeye, na kule wanaandika kwa Kireno. Ile sauti ya ka wao wanaiandika kwa herufi iliyo kama mwezi mwandamo. Niliiona kwenye magunia ya korosho ya tajiri wa Kireno niliyekuwa namtandikia vitanda ujanani."

Basi ikawekwa herufi ya mwezi. Mngoni akabonyeza, tukangoja, mashine za siku zile zilikuwa na uvivu wake. Akasema, "Jina halina mwenyewe."

"Linaye," akasema Kinyozi. "Ni mimi."

"Maana yake halijachukuliwa."

"Nani alichukue? Lilitengenezwa lisichukuliwe."

Likasajiliwa kwa mkono wa Mngoni, kwa anwani ya Mngoni ya kupokelea barua za kompyuta, maana Kinyozi hakuwa nayo. Mwishoni likawa na nukta na kom. Kinyozi akauliza Kom ni nani, Mngoni akamwambia ni ukoo, akaridhika.

Websaiti yenyewe ilikuwa picha moja. Mngoni alitaka kumpiga picha usoni. Kinyozi akakataa, akasema uso huu dada yake hajawahi kuuona, alikuwa mgongoni. Nikamnyoa mimi mwenyewe, nikamwacha safi, Mngoni akapiga kisogo. Chini yake maneno: "Niko Mikindani. Nanyoa." Ukifungua, picha ilishuka kutoka juu kidogo kidogo, kwanza utosi, halafu lile kovu la juu ya shingo, halafu kola ya shati. Kinyozi aliitazama muda mrefu. Akasema, "Sikuwa najua ninafanana na baba."

Akawa mtu mwingine. Kila alipokwenda mjini alipita dukani, anatukanwa, anafunguliwa kisogo chake, anauliza kama kuna aliyeandika. Hakuna. Anarudi na furaha. Wale vijana wa bom dia akaanza kuwatoza.

Ikafika wakati tukaenda tukakuta duka limefungwa. Tukaambiwa Mngoni kafiwa na baba, yuko Songea. Tukasema atarudi arobaini ikipita. Ikapita. Mvua zikakata barabara, korosho zikachanua, mlango bado umefungwa na juu yake buibui ameshaweka websaiti yake. Mimi nilikuwa naikumbuka ile ada ya mwaka, na Kinyozi alikuwa anaikumbuka zaidi, lakini kila nikifungua mdomo ananiambia, "Yule siyo mashine. Ana msiba."

Mkewe ndiye aliyesema kilichokuwa moyoni mwa wote. "Ndiyo faida ya kumpa mtani jina. Anakupotezea, halafu kwa desturi huruhusiwi hata kukasirika."

Mngoni alirudi amenyolewa kipara cha msiba, amekonda. Kinyozi alimtazama kisogo kwanza. "Waliokunyoa wana hasira na wewe," akamwambia. Ndiyo ilikuwa pole yake. Mngoni akawasha kompyuta, akafungua barua zilizorundikana mwaka mzima, nikamwona usoni, maana mimi nyuso nazisoma. Barua za kukumbusha ada zilikuwa humo, hazikufunguliwa. Jina lilikuwa limeachiwa.

"Lisajili tena," nikasema.

Akaandika. Akangoja. Akasema kwa sauti ndogo, "Limechukuliwa."

Kinyozi akasimama. "Na nani?"

Mngoni akafungua ukurasa. Ikaanza kushuka picha, na sisi wote tukawa tunangojea utosi. Ukatokea mto wa kulalia. Halafu mwingine. Halafu shuka jeupe, halafu godoro, godoro nene, zuri, jipya, na maandishi makubwa juu yake.

"Tangazo la magodoro," akasema Mngoni.

"Soma."

"Siyo Kiingereza, mzee. Hapa pameandikwa... chama?"

"Onyesha kwa kidole."

Akaonyesha. Kinyozi akaweka pua kwenye kioo cha kompyuta. "Hiyo siyo cha. Ni mwezi huo. Ni ka."

"Kama," akasoma Mngoni.

"Kama!" Kinyozi akapiga kelele, duka zima likageuka. "Kitanda! Kwa Kireno kitanda ni kama! Nimetandika mimi hizo kama! Fundi, unaona? Nani mwingine angelitaka jina lile? Liliwekwa hata kifo kisilitake! Ni yeye. Yuko hai, tena anauza vitanda!" Akakaa chini, akacheka, machozi yanamtiririka kama aliyepakwa spiriti. "Si nilikwambia alikuwa anapenda kulala?"

Mngoni alifungua mdomo. Ilikuwa zamu yake, na ni haki yake, mtani hakosi neno. Nikaona neno linafika mpaka kwenye meno. Akafunga mdomo, akaenda kumletea maji.

Nje aliniambia. Kwamba majina yakianguka kuna watu kazi yao ni kuyaokota kwa mafungu, bila kujua hata maana yake, wanabandika matangazo yoyote. Anaweza kuwa mtu wa nchi yoyote ile.

"Mbona hukumwambia?"

"Mimi ni mtani wake," akasema, "si adui yake."

Mimi kwangu sijui. Godoro niliona kwa macho yangu, na mwezi ule nauona mpaka leo. Kwa Kireno hiyo kama ni kitanda. Kwa Kiswahili kama ni neno la mtu ambaye bado hajui. Mtanisaidia ninyi mliosoma.

Mara ya mwisho nilimkuta nyumbani kwake. Mikono ilishaanza kumtetemeka, mlango wa kule hafungui tena, ila mkewe alikuwa bado anakwenda jioni kulitikisa lile kufuli, kwa amri yake. Amelala kitandani kwenye godoro la sufi. Nimeingia na mkasi wangu, akageukia ukutani nimwone kisogo.

"Umepita mjini?"

"Nimepita."

"Bado anauza?"

"Anauza. Kabadilisha shuka, sasa ni la maua."

"Biashara inakwenda," akasema.

Nikaanza kunyoa. Nywele zilikuwa chache, nyeupe. Nikamwambia lile ambalo Mngoni alinituma, kwamba kwenye ukurasa ule chini kabisa kuna mahali pa kumwandikia mwenyewe. Tunaweza kumuuliza yeye ni nani, jina kalitoa wapi. Akijibu tutajua moja kwa moja.

Mkewe alikuwa mlangoni na sufuria. Akasimama.

Kinyozi hakugeuka. Kisogo, yeye mwenyewe alisema, hakina habari, lakini chake siku ile kilikuwa nayo. Kovu lilipanda likashuka.

"Usimwamshe," akasema.

Nikamalizia pale nyuma ya sikio.